Asiye na Pa Kukaa

Nyumba ya Specioza ilikuwa na marumaru zinazong'aa mpaka kuku wa jirani akipotea njia akaingia sebuleni, alimwona kuku mwenzake sakafuni na kuanza kumdonoa. Watu wa mtaa ule mpya wa barabara ya Kasokola walikuja kutazama pambano, wakacheka, wakaisifu nyumba, kisha wakaomba kukaa barazani. Ndani hakukaa mtu. Ndani kulikuwa na dari ya gipsamu yenye ngazi kama keki ya harusi, madirisha ya alumini, seti ya makochi ya rangi ya maziwa, na baridi. Wala si baridi ya Juni, maana Juni Mpanda nzima huvaa sweta asubuhi na kujifanya iko Sumbawanga. Hii ilikuwa baridi ya chumba ambacho ukikohoa, nacho kinakukoholea.

Specioza mwenyewe hakuwa mtu wa baridi. Miaka yote alipika wali na maharage pale stesheni, akiwasubiri abiria wa treni ya Kaliua, treni ambayo ikisema itafika asubuhi haisemi asubuhi ya lini. Moto ulimuunguza, mvua ilimnyeshea, sufuria zake ziliibwa, zikatobolewa, zikapigwa teke na ng'ombe waliokuwa wakipitishwa kwenda mnadani. Kila alipoanguka aliinuka na utani mpya. "Mimi mama lishe bwana," alisema, "nikianguka naangukia sufuria, walau nalamba." Mume wake, Gervais, aliendesha bajaji. Mtoto wao Arcade alikuwa Ikola kwenye mitumbwi ya dagaa, akipiga simu siku akiishiwa. Kwa hiyo nyumba kubwa, watu wawili, na wote wawili walitoka alfajiri wakarudi jua limeshazama.

Ila nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Baba yake Specioza, mzee Zefania, mrina asali tangu ujana wake, aliishi peke yake kwenye kibanda cha udongo huko mashambani Kasokola, tangu mkewe Hana alipofariki. Masika yaliyopita mzee alisinzia karibu na mafiga, akaangukia moto. Mkono ulipona vibaya. Ukuta wa kibanda nao ulikuwa umeinama kama unasikiliza jambo chini ya ardhi. Mvua moja nzito tu, ungemlalia. Specioza alilijua hilo vizuri: mvua za Novemba zikimkuta baba yake mle ndani, atamzika. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Juni hiyo akamleta. Mzee alishuka kwenye bajaji amekumbatia kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi, kimebonyea katikati kwa kukaliwa miaka mingi.

"Baba, na hicho?"

"Na hiki."

"Kitachuna marumaru, baba. Miguu yenyewe kama kucha za fisi! Ngoja nikiweke stoo, kitakuwa salama. Makochi yote haya, utakaa unapopenda."

Mzee aliyatazama makochi, kisha akautazama mlango wa stoo ukifungwa. Asubuhi Specioza alimkuta barazani amekaa chini, kofia kichwani, kigoda amekitoa stoo na kukitia kwapani.

"Shikamoo baba. Kulikoni?"

"Marahaba. Hapa hapakaliki, mama."

"Hapakaliki vipi? Umeme upo, maji yapo, choo kiko ndani kwa ndani!"

"Hapakaliki," mzee alirudia, kwa upole wa mtu anayeeleza jambo lililo wazi kama jua. "Nirudishe."

Sasa, neno kama hilo kila mtu hulitafsiri kwa kidonda chake. Specioza alimrudisha, akajikuna kichwa siku nzima juu ya maharage, jioni akawa amepata jibu: nyumba haina uhai. Mtu aliyelala porini maisha yake yote, akisikiliza miti, utamwingizaje kwenye friji umwambie karibu nyumbani? Akamtafuta Doto.

Doto alikuwa fundi wa mapambo ya ndani, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe kabla hajazaliwa. Ng'ombe aliwaachia kaka zake, yeye akachukua ngazi. Simu yake ilijaa picha za nyumba za watu ambao inaonekana hawafagii. Aliingia sebuleni, akakohoa, sebule ikamkoholea.

"Mama, hapa unaishi ndani ya spika."

"Ndiyo maana nimekuita uizime."

"Tunaleta pori ndani. Mbao, magome, udongo, majani. Siku hizi ndiyo habari ya mjini. Matajiri wote wanarudi porini, ila wanarudi na makochi yao."

Wakafanya kazi. Ukuta mmoja ulipakwa udongo mwekundu wa kichuguu, ukasuguliwa kwa mkono mpaka ukawa laini kama kisigino cha mtoto. Rafu zikawa vipande vya mninga vilivyoachiwa gome lake pembeni. Mkeka ukatandikwa, mapazia mazito yakaondolewa ili jua liingie, mimea ikapangwa kwenye vyungu chini ya dirisha. Lazima tuseme kweli, ilipendeza. Ikabaki taa.

"Katikati ya dari nataka mzinga wa nyuki," Doto alisema. "Ule wa kienyeji, wa gome. Balbu tunaiweka ndani, mwanga unatokea mdomoni."

"Mzinga? Umefika. Mimi mtoto wa mrina!"

Walimkuta mzee Zefania mlangoni kwa kibanda chake, amekaa chini kwenye vumbi, na kigoda kitupu pembeni yake, kama kawaida yake ya siku zote.

"Chukueni ule wa kwenye mti wa mtundu pale nyuma," mzee alisema. "Una misimu mingi haujaingiwa. Ila mdomo wake utaangalia wapi?"

"Utaangalia makochi, baba."

Mzee hakucheka. "Mzinga huangalia pori, mama. Tunautundika mbali na watu, ndipo tunauitia."

Specioza alidhani anaogopeshwa miiba ya nyuki. "Humu hawatakaa nyuki, baba. Itakaa balbu."

Mchana ule, Doto akiwa juu ya ngazi, Specioza aliketi sakafuni na mzinga mapajani. Doto alitaka upakwe vanishi. Specioza akakataa katakata: mzinga unapakwa nta. Akaiyeyusha nta, akaanza kuupaka ndani na nje, polepole, kama alivyomwona baba yake akifanya wakati yeye ni msichana wa kushika kamba. Mkono una kumbukumbu yake. Na mkono ukishakumbuka, mdomo hauko nyuma. Akajikuta anayasema maneno ya baba yake ya kuitia mzinga, kwa sauti ileile ya kuvuta:

"Asiye na pa kukaa, akae hapa. Asiye na pa kukaa, akae hapa."

"Unaongea na nani, mama?" Doto aliuliza kutoka juu.

"Na wapangaji."

Walicheka wote wawili kwa nguvu. Nyumba, kwa mara ya kwanza, haikuwarudishia kicheko chao.

*

Kesho yake alfajiri Specioza alikaa kwenye kochi dogo la dirishani ili avae viatu, akaruka. Kochi lilikuwa la moto. Si moto wa jua, jua lilikuwa bado. Ni joto lile unalolikuta kwenye benchi la zahanati, mwenzako akishaitwa ndani na wewe ukasogea pale alipokuwa.

"Baba Arcade! Ulikaa hapa?"

"Niko bafuni," Gervais alijibu kwa mbali, "nitakaaje huko?"

Siku iliyofuata lilikuwa kochi la pili. Kisha lile refu, upande mmoja, halafu pande zote. Na televisheni ikizimwa, mzinga ule juu ya dari ulikuwa na sauti. Doto alipanda ngazi akachungulia: balbu, nta, basi. "Hakuna hata mende, mama." Wala haikuwa sauti ya nyuki. Ilikuwa kama watu walio chumba cha pili, wanaoongea wakishusha sauti kwa ajili yako.

Jumuiya ya kanisani ilipokuja kusali kwake, wanawake walisimama mlangoni wakapepesa macho. "Specioza, nyumba yako siku hizi ina joto!" Mmoja akalifuata kochi la dirishani. Akainama kukaa, akasita katikati, akainuka. "Oh, samahani," alisema, akaenda kukaa mkekani. Hakumwangalia mtu, wala hakuonekana kujua amemwomba nani samahani. Mwingine akafanya vilevile kwenye kochi refu. Mwisho wake jumuiya nzima ilijibana mkekani magoti kwa magoti, makochi yote yakiwa matupu, na hakuna aliyeona ajabu. Specioza alipomaliza kumimina chai, alikuta vikombe vimezidi watu.

Aliogopa? Aliogopa, lakini mtu aliyekwisha pigwa na maisha, kabla ya kupiga kelele hukagua kwanza hasara. Akakagua. Kitu hakijavunjika, mtu hajaumwa, nyumba ina joto. Joto si ndilo alilolitaka? Mbona Mungu akimpa mtu anachoomba, mtu anauliza risiti? Agosti akamtuma Gervais na bajaji, na yeye akapanda, wakaenda kumchukua mzee.

"Na kigoda chako, baba?" aliuliza, safari hii kwa heshima.

"Kinabaki. Stoo si pa kukaa mtu."

Specioza aliona ni maneno ya wazee, akayaacha yapite.

Mzee Zefania alifika mlangoni kwa sebule akavua kofia. Aliyatazama makochi moja moja, akitikisa kichwa kidogo kwa kila moja, kama mtu aliyechelewa mkutano.

"Wamejaa," alisema.

"Nani, baba?"

"Si ulitaka joto?"

Akaenda kukaa mkekani, chini ya mzinga, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Na akakaa kweli. Siku zikawa wiki, wiki zikapita, mzee hakuuliza habari ya kurudi. Specioza akirudi jioni alimkuta anatabasamu, midomo inacheza, kama mtu aliyekatizwa maongezi matamu. Hakumuuliza. Ukitaka mgeni asiondoke, humuulizi maswali ya mlangoni.

*

Oktoba Mpanda huungua. Mbwa hulala kwenye mitaro, lami hushika kandambili, na watu husalimiana kwa kufuta jasho. Mwezi huo ndio Gervais alifika kijiweni kwa madereva wenzake amevaa jaketi, zipu mpaka kidevuni.

"Gervais, kaka, safari ya Ulaya imejibu?"

"Natoka nyumbani tu," alijibu, meno yakigongana.

Hakuwa anatania. Ndani ya nyumba ile makochi yalikuwa ya moto kama mkate uliotoka kwenye oveni, na watu walikuwa baridi. Specioza aliipua uji unatokota jikoni. Akishavuka nao sebule, ulikuwa umeganda utando. Chai ukiimimina ilipoa kabla hujaifikisha mdomoni. Aliamka amejikunja, vidole vimekufa ganzi, na nje jua linapasua mawe.

"Mimi nahamia barazani, Mama Arcade," Gervais alisema. "Humo ndani nasongwa."

"Unasongwa na nani?"

"Na watu ambao hawapo."

Mchana mmoja Specioza alirudi nyumbani kuchukua upawa aliousahau. Akampitia baba yake mkekani, akampa embe. Vidole vyao vikagusana, embe likaanguka. Mkono wa mzee ulikuwa baridi kama sato wa Ikola aliyesafiri na barafu. Kucha zilikuwa za bluu. Specioza akamtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kumtazama kweli, akaona uso umepungua, kola imekuwa kubwa kwa shingo. Mwezi uliopita zahanati walimpima wakasema hana kitu, uzee tu. Juu yao mzinga ulivuma kwa sauti nene, ya kushiba.

"Baba, unaumwa!"

"Siumwi," mzee alisema. "Nachumwa."

"Unachumwa?"

"Nyuki haleti asali, mama. Anaichota. Hawa nao joto hawakuja nalo, wanalichota kwa mwenye nalo. Wewe na mwenzako mnatoka asubuhi. Mimi nashinda nao."

Specioza aliketi sakafuni karibu naye. "Ni akina nani, baba?"

"Nitajuaje? Wasio na pa kukaa ni wengi. Wapo waliopitiwa na barabara juu ya makaburi yao. Wapo waliokimbilia nchi hii wakafia njiani bila mtu wa kuwataja. Wengine wamesahauliwa tu, bila hata sababu. Nani aliwaita?"

"Mimi. Nilikuwa nautania mzinga. Nilisema maneno yako ya kuitia nyuki."

"Ya kuitia nyuki." Mzee akacheka kidogo, kicheko kisicho na mvuke. "Yasikilize vizuri, Spe. Asiye na pa kukaa, akae hapa. Nyuki ametajwa wapi? Ukiyasema porini, nyuki husikia kwa kuwa ndiye aliye karibu. Ukiyasema sebuleni, anasikia yeyote."

"Na wewe ulipofika ukawaona, ukajua. Na ukakaa!"

"Wana maongezi mazuri. Nilikuwa nimezoea kuongea na ukuta. Na mimi, mama, ni ua la mwisho wa msimu. Waache wachume."

"Hapana." Specioza alisimama. "Sikukujengea nyumba uje uliwe ndani yake. Nitawafukuza leo hii."

"Hawafukuzwi. Umewapa pa kukaa, na neno halirudi mdomoni. Wahamishe. Upeleke mzinga palepale kwenye mtundu, mdomo uangalie pori, useme maneno yaleyale. Na ukiondoka, usiage."

"Kwa nini nisiage?"

"Ukiaga watakusindikiza. Ni watu wenye adabu zao." Mzee akaangalia mlango wa stoo. "Na mkirudi, pitieni kibandani. Mniletee kigoda."

"Baba, na haya yote, unawaza kigoda?"

"Spe, siku ile nilikwambia hapa hapakaliki. Wewe ukaniletea miti."

"Si ulimaanisha nyumba haina uhai, baba? Haina joto la kuishi mtu?"

"Nilimaanisha hakuna pa kukaa mama yako. Ulimtia stoo."

Akilini Specioza akakiona kigoda kitupu mlangoni kwa kibanda, na mzee amekaa chini kando yake, mavumbini, miaka yote ile. Na yeye akidhani baba yake anapenda mavumbi.

*

Doto aliitwa na ngazi yake mchana uleule. Alifungua skrubu akizungumza mambo ya harusi ya rafiki yake, akaupokea mzinga mikononi, akayumba.

"Mama, mbona mzito? Tuliutundika mwepesi kama tenga."

"Ushushe tu, mwanangu. Polepole."

Mzinga ulipogusa sakafu, sauti ikakatika. Halafu makochi yakaanza. La dirishani kwanza: sponji yake, iliyokuwa imebonyea, ikapanda taratibu ikivuta pumzi, kama sponji inavyopanda mtu akiinuka. Kisha lile jirani yake. Kisha kochi refu, mwanzo mpaka mwisho, fuu, fuu, fuu. Halafu kimya, na ile hisia ya chumba ambacho watu wote wamesimama wanakusubiri wewe utangulie.

Doto alishuka akakusanya bisibisi zake moja moja, kwa heshima kubwa. "Mama," alisema, "mimi kazi yangu ni gipsamu." Akatoka. Ngazi aliiacha.

Walimwacha mzee mkekani, amefunikwa blanketi, wakaupakia mzinga kiti cha nyuma cha bajaji. Specioza akakaa mbele, amebanana na Gervais kwenye kiti cha dereva, jambo lisiloruhusiwa, lakini nyuma hapakuwa na nafasi. Wote wawili walilijua hilo bila kuambizana. Bajaji ikaondoka imekaa chini kama imebeba magunia ya mahindi. Kwenye kile kimwinuko cha kuingilia Kasokola ikaguna, ikatema moshi, ikataka kuzima.

"Mama Arcade, tumebeba nini?"

"Mzinga."

"Mzinga na nini?"

"Baba Arcade, endesha."

"Naendesha. Nauliza tu. Abiria wangu huwa nawasalimia."

"Hawa usiwasalimie."

Kamba ya mzee ilikuwa bado inaning'inia kwenye panda ya mtundu. Gervais alivuta, Specioza akaelekeza, mzinga ukapanda ukagotagota shina mpaka ukalala mahali pake, mdomo ukiangalia miyombo inayokwenda mpaka macho yachoke. Jua lilikuwa bado juu. Hakukuwa na upepo, hata jani moja halikutikisika. Specioza akafuta mikono kwenye kanga, akaikumbuka sauti ya kuvuta, akaitoa. Ilitoka imepasuka.

"Asiye na pa kukaa, akae hapa."

Tawi la chini likainama. Kidogo tu, kama linavyoinama likitua ndege mzito. Kisha la pili yake. Kisha tawi kwa tawi mpaka kileleni, mti mzima ukashuka mabega, na ile sauti ikaanza tena, safari hii juu, ndani ya majani, ya watu wanaojisogeza na kupeana nafasi.

Gervais ni mtu wa adabu. Kazi yake imemfunza kumuaga kila anayeshuka. Akainua mkono akafungua mdomo: "Haya, kwaheri—"

Specioza alimziba mdomo kwa kiganja chote, kofi na kuziba kwa pamoja.

"Mmh! Nilikuwa naaga tu!" Gervais alinong'ona vidoleni.

"Ndiyo maana."

Wakaondoka kimya. Ni mara ya kwanza katika maisha yake Specioza kuwaacha wageni bila neno la kwaheri, na aibu ilimuumiza kuliko hofu. Mgongo ulimwasha. Nyuma yake kulikuwa na ukimya wa watu waliosimama mlangoni, tayari kumsindikiza, wakisubiri aseme tu. Hakusema. Hakugeuka. Aliuma ulimi mpaka akasikia chumvi.

Walipita kibandani. Kigoda kilikuwa pale mlangoni, kwenye kivuli cha ule ukuta ulioinama. Gervais alinyoosha mkono kukibeba, Specioza akamzuia. Akapiga goti kwanza, mavumbini.

"Shikamoo mama. Nisamehe. Twende nyumbani."

Akakipakata njia nzima, kwa mikono miwili. Bajaji ilirudi nyepesi, ikirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Nyumbani makochi yalikuwa baridi kama siku ya kwanza, na Specioza alipokohoa, sebule ikamkoholea. Baba yake hakuinua kichwa mpaka aliposikia miguu mitatu inagusa marumaru, krii, ikiacha mchuno mweupe. Specioza alifumba macho, akauacha. Akamimina chai. Kikombe cha mzee kikatoa mvuke, mvuke ukapanda, ukaendelea kupanda. Ndipo Specioza akathubutu kuweka kiganja kwenye kigoda, pale palipobonyea.

Palikuwa na joto. Akangoja baridi impande mkononi, kama ilivyokuwa kwa yale makochi. Haikuja. Kilichopanda kilikuwa joto, vidoleni, kiganjani, mpaka kwenye kiwiko.

"Huyu hakuja kwa maneno yako," mzee alisema, akiupeleka mkono wake ule ulioungua, akauweka juu ya wa binti yake. Ulikuwa unaanza kulainika. "Huyu nilikuja naye."

Mvua za Novemba zilikuja kwa hasira. Usiku wa kwanza tu ukuta wa kibanda ulilala chini, juu ya mafiga, juu ya mahali pa kulala, na hapakuwa na mtu chini yake. Doto alirudi kuchukua ngazi yake, akasimama mlangoni kwanza akinusa, kisha akakubali kutundika tenga la mianzi kwenye ile taa. "Pamba," Specioza alimwambia, "ila ukipaka kitu, paka kimya."

Na marumaru? Marumaru zimekwisha. Kila asubuhi kuna mchuno mpya: toka mkekani mpaka dirishani penye mimea, toka dirishani mpaka mlango wa jikoni, hasa siku Specioza akibandika maharage. Kuku wa jirani akiingia siku hizi hamwoni tena mwenzake vizuri, anatazama ile mistari, anatoka. Gervais anaulizia kipande cha mpira wa tairi akibandike kwenye miguu ya kigoda. Specioza hajaafiki.

Jumamosi iliyopita alikuwa anapiga deki mapema, haraka haraka, treni imesema itafika asubuhi. Mzee alikuwa barazani na chai yake. Specioza alipeleka tambara chini ya dirisha, akazunguka vyungu, akafika kwenye kigoda, na bila kufikiri akasema kama anavyosema binti yeyote mwenye haraka:

"Mama, nyanyua miguu nipite."

Akapitisha tambara chini, huku na huku, pakatakata, akaendelea mpaka kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameshalikamua tambara kwenye ndoo alipokumbuka kwamba hakukisogeza kigoda, wala tambara halikugonga mguu hata mmoja.